Chumvi ya Bei Mbaya: Unalipia Nini, na Uitie Wapi

Zamani ukiingia dukani kutafuta chumvi ulichukua pakiti ya plastiki ya nusu kilo ukaondoka. Siku hizi, kwenye supamaketi kubwa za Nairobi na Dar es Salaam, rafu hiyohiyo ina vikopo vya kioo: chumvi ya pinki, ya kijivu, ya moshi, ya ndimu na pilipili, na ile yenye vichembe vyeusi iliyoandikwa "truffle", yaani trafeli, aina ya uyoga, ambayo gramu 100 zake zinaweza kukutoza zaidi ya chumvi ya kawaida ya mwaka mzima. Na mabishano hayakosekani kwenye makundi ya WhatsApp. Mmoja anaapa kwamba ya pinki haipandishi presha. Mwingine anasema yote ni utapeli wa kuwaibia wenye nacho. Wa tatu kaletewa kikopo cha zawadi na shangazi yake anayeishi Uingereza, hakujua akitie kwenye nini, akakimwagia pilau. Harufu yote ikamezwa na iliki na mdalasini, akabaki analalamika kwamba hakuonja chochote.

Hao watatu wanazungumzia vitu tofauti kwa jina moja. Chumvi hizi si utapeli, na si dawa pia. Ni kiungo cha dakika ya mwisho, kilichotengenezwa kwa ajili ya chakula chepesi kisicho na makeke: yai, kiazi, parachichi, mkate na siagi. Ukiitumia hapo, kidogo tu, utaelewa kwa nini kuna watu wanailipia. Ukiitia chunguni, umetupa pesa.

Aina zenyewe

Chumvi yoyote unayokula, iwe ya Uvinza, ya Pemba, ya Pakistani au ya Ufaransa, kwa sehemu kubwa mno ni kitu kimoja: sodiamu kloridi. Karibu asilimia 40 ya uzito wake ni sodiamu, iliyobaki ni kloridi. Huo ndio uchumvi wenyewe, nao haubadiliki kwa tajiri wala kwa maskini. Kinachobadilika ni umbo la punje, vitu vidogo vilivyobaki ndani yake tangu ilikotoka, na harufu iliyoongezwa na binadamu.

Kwa hiyo, ukiacha rangi na maandishi ya dhahabu kwenye kopo, kuna mafungu matatu. Fungu la kwanza ni chumvi ya kawaida: laini, iliyosafishwa, yenye madini joto (iodini), ya kutia chunguni na kukandia unga. La pili ni chumvi ya kumalizia. Hii haina ladha ya ziada. Thamani yake iko kwenye punje, ambazo ni kubwa, nyepesi au zina umbo la magamba, na hunyunyizwa juu ya chakula kilichokwisha kuiva. La tatu ni chumvi yenye ladha: yoyote kati ya hizo mbili iliyochanganywa na kitu chenye harufu, kama uyoga, moshi, maganda ya ndimu, pilipili, kitunguu saumu au majani makavu.

Chumvi ya pinki huchanganya watu kwa sababu wanaiweka kwenye fungu la tatu. Haimo. Rangi ile ni ya madini ya chuma, na ulimi wa kawaida hauioni. Ikisagwa laini ni fungu la kwanza, ikiachwa mawe ya kusaga mezani unaweza kuisukuma hadi la pili.

Ulimi, kisha pua

Tunasema chumvi "inakoleza" chakula. Kazi hiyo ina sehemu mbili, na mtu akizielewa, nusu ya fumbo la chumvi ya bei mbaya linafumbuka.

Ya kwanza ni kwamba chumvi hufanya zaidi ya kuongeza uchumvi, hushusha uchungu. Mwaka 1997 watafiti Paul Breslin na Gary Beauchamp, wa kituo cha Monell kule Philadelphia, walionyesha katika jarida la Nature kwamba chumvi huzima uchungu, na uchungu ukishuka, utamu uliokuwa umefunikwa hujitokeza. Mama zetu hawakuhitaji jarida. Nyanya chungu zikikosa chumvi haziliki, na nanasi lenye ukali kidogo likinyunyiziwa chumvi linaonekana tamu kuliko lilivyokuwa, ingawa hakuna aliyeongeza sukari. Hata kahawa iliyochemshwa kupita kiasi, chembe chache za chumvi huitoa makali.

Ya pili ni pua. Ulimi unajua mambo machache tu: tamu, chachu, chumvi, chungu, na ule utamu wa supu ya nyama au uyoga. Mengine yote tunayoyaita ladha, kama undimu, umoshi, uuyoga, hupanda kutoka nyuma ya mdomo kuingia puani. Ndiyo maana mwenye mafua halalamiki kwamba chakula hakina chumvi. Analalamika kwamba hakina ladha.

Kama una kikopo cha chumvi ya uyoga nyumbani, fanya jaribio hili. Bana pua kwa vidole viwili, weka punje chache ulimini, subiri ziyeyuke. Utapata chumvi basi, ya kawaida kabisa, isiyotofautiana na ile ya pakiti. Sasa achia pua na utoe pumzi kupitia puani, mdomo ukiwa umefumbwa. Harufu nzito ya uyoga na kitunguu saumu itajaa kichwani papo hapo. Uliyoilipia ni hiyo iliyokuja baada ya kuachia pua.

Punje kubwa zina siri gani

Twende kwanza Guérande, pwani ya magharibi ya Ufaransa, ambako watu huvuna chumvi kwenye mabwawa ya udongo kwa mikono. Maji ya bahari huingizwa, hupitishwa kwenye vijibwawa vyenye kina kifupi, jua na upepo vikiyakausha kidogo kidogo. Siku ya joto, kavu, yenye upepo mwanana, ganda jembamba la fuwele huanza kuelea juu ya maji. Mvunaji hulikokota polepole kwa ubao wa mpini mrefu kabla halijazama. Hiyo ndiyo inayoandikwa koponi fleur de sel, Kifaransa cha "ua la chumvi". Chumvi inayozama chini na kugusa udongo huvunwa pia, lakini hiyo huwa ya kijivu na bei yake huwa chini. Ni bwawa moja na maji yaleyale. Unachokilipia ni kazi ya mikono, na hali ya hewa iliyokubali.

Kule Maldon, mashariki mwa Uingereza, ambako kampuni yenye jina hilohilo ipo tangu 1882, mambo huendeshwa kwa moto. Maji ya chumvi hupashwa kwenye mabeseni mapana hadi fuwele zianze kuota juu. Kila fuwele huanza kama kipande kidogo bapa kinachoelea. Kikizidi uzito hudidimia kidogo, kingo zake zikaendelea kukua pembeni kufuata uso wa maji, mpaka kinatokea kipiramidi kilicho wazi ndani. Ukikibonyeza kwa vidole kinavunjika kwa sauti, tena ni chepesi ajabu.

Wepesi huo una maana jikoni. Kijiko cha chai cha chumvi laini kina karibu gramu 6. Kijiko hichohicho ukikijaza magamba utapata karibu nusu yake, kwa sababu kati ya gamba na gamba kuna hewa. Ndipo inapotokea ile hadithi kwamba "chumvi hii haina makali". Kwa kijiko, ni kweli. Kwa mizani, si kweli hata kidogo.

Sasa kwa nini inyunyizwe juu? Fikiria andazi. Sukari iliyokandwa ndani ya unga inalifanya andazi zima kuwa na utamu wa sare, ukitafuna husikii pa kuanzia wala pa kuishia. Lakini sukari kidogo ikinyunyizwa juu, kila tonge lina mahali panapomeremeta na mahali palipotulia. Chumvi ya kumalizia hufanya vivyo hivyo: gamba moja hulipuka ulimini, la pili halipo, la tatu linakuja. Chakula chapwa, kama yai la kuchemsha, kinaamka kwa kupishana huko, si kwa wingi wa chumvi.

Na kuna adui mmoja: maji. Chumvi huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Magamba ukiyaweka juu ya nyanya iliyokatwa, dakika chache tu yamekuwa maji. Ukiyaweka juu ya siagi, parachichi au kiazi kilichopakwa mafuta, yanakaa yakisubiri meno. Kwa yai lililokatwa kati, dondoshea tone la mafuta kwanza, halafu chumvi. Tofauti utaisikia kwa masikio.

Uyoga unaotafutwa na mbwa

Chumvi yenye ladha inayozungumzwa zaidi ni ya trafeli, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Trafeli ni uyoga unaoota chini ya ardhi, umeshikamana na mizizi ya miti kama mwaloni. Hauonekani juu, hutafutwa kwa mbwa waliofunzwa kunusa. Ule mweupe unaosifika zaidi unahusishwa na mji wa Alba, kaskazini mwa Italia, na kilo yake moja huuzwa kwa maelfu ya yuro. Mweusi wa Périgord, Ufaransa, hufuata. Halafu kuna trafeli ya kiangazi, nyeusi pia, yenye harufu hafifu na bei ya kibinadamu. Waswahili walioko Oman na nchi za Ghuba wanamjua binamu yake mwingine, faga, uyoga wa jangwani unaochimbwa baada ya mvua na radi. Lakini huo harufu yake ni ya upole na huliwa kwa wingi, hata kwenye wali.

Mtu akijua bei ya trafeli nyeupe, swali la kwanza linalomjia ni: imewezekanaje kuwekwa kwenye kikopo ambacho mfanyakazi wa mshahara anaweza kukinunua? Jibu liko nyuma ya kopo, kwa herufi ndogo. Mara nyingi vile vichembe vyeusi ni trafeli ya kiangazi iliyokaushwa, tena kidogo, na harufu kali unayoisikia ukifungua imetoka kwenye kitu kilichoandikwa "aroma" au "flavouring". Harufu ya trafeli halisi imejengwa na mchanganyiko wa vitu vingi. Viwanda huchukua kimoja kinachotawala harufu ya ile nyeupe, cha jamii ya salfa, ambacho kinaweza kutengenezwa maabara kwa gharama ndogo. Hakina sumu. Lakini ni sauti moja iliyotolewa kwenye kwaya, na ndiyo maana baadhi ya watu hupenda siku ya kwanza kisha wiki ya pili wanaona inanukia gesi.

Mimi sioni dhambi kuinunua, mradi unajua unachonunua. Tafuta asilimia ya trafeli kwenye orodha ya viungo, soma ni aina gani, na tazama kama "aroma" imo. Kopo lisilosema asilimia linasema jambo kwa kunyamaza.

Chumvi ya moshi ni rahisi kuielewa: punje hutandazwa kwenye trei ndani ya chumba cha moshi wa kuni kwa saa nyingi, hadi zibadilike rangi. Ya bei ndogo hupakwa kimiminika cha chupa chenye harufu ya moshi. Ukitaka kujua ipi ni ipi, soma tena zile herufi ndogo.

Kisha kuna chumvi nyeusi ya Kihindi, ambayo watu wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wanaweza kuipata kwenye maduka ya viungo ya Wahindi bila kuvunja kibubu. Huchomwa tanuruni pamoja na makaa na mbegu za miti fulani hadi ishike harufu ya salfa, harufu ileile ya yai lililochemshwa. Ukiinusa peke yake unaweza kukimbia. Ukiinyunyiza kidogo juu ya matunda yaliyokatwa au kachumbari ya matango, unaongeza sahani. Hiyo nayo ni chumvi yenye ladha, tena ya kale, ila hakuna aliyeivika kioo na utepe. Usiichanganye na magamba meusi yanayouzwa kwa bei kubwa. Yale ni chumvi nyeupe iliyotiwa rangi ya makaa, hayana harufu yoyote.

Yanayosemwa mitaani

"Ya pinki ina madini 84." Chumvi ya pinki inachimbwa hasa kwenye mgodi wa Khewra, jimbo la Punjab nchini Pakistani, kwenye safu ya vilima iliyo mbali na milima ya Himalaya yenyewe. Karibu asilimia 98 yake ni sodiamu kloridi. Tupige hesabu. Mtu akila gramu 5 za chumvi kwa siku, kile kilichobaki chote, madini pamoja na udongo, hakifiki zaidi ya gramu 0.1, yaani miligramu 100. Ndizi mbivu moja ina karibu miligramu 400 za potasiamu peke yake. Tena ile orodha ndefu ya madini huhesabu hata yale ambayo mwili hauna haja nayo, kama risasi. Inunue kwa uzuri wake mezani. Kwa madini, kula ndizi.

"Hii haipandishi presha kwa sababu ni ya asili." Bahari ni ya asili, mgodi ni wa asili, na sodiamu inayotoka humo ni ileile. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yote kwa pamoja: ya chunguni, ya mkate, ya mchuzi wa pakiti na ya kunyunyiza. Chumvi ya magamba inaweza kukusaidia kupunguza, kwa kuwa inagusa ulimi moja kwa moja na kidogo chake kinasikika sana, lakini hilo linafanya kazi ukipunguza ya chunguni. Ukiongeza juu ya iliyokwisha kukolea, umeongeza tu. Zipo chumvi maalumu za sodiamu kidogo, ambazo sehemu yake ni potasiamu. Hizo ni habari nyingine, na mwenye matatizo ya figo asiziguse bila kumuuliza daktari wake.

La tatu halisemwi sana, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Chumvi nyingi za kifahari hazina madini joto. Kenya na Tanzania sheria inataka chumvi ya kula itiwe madini hayo, na sababu yake ilikuwa ikionekana shingoni kwa watu: rovu. Tezi ya shingo huhitaji madini joto kutengeneza homoni zake. Yakikosekana tezi huvimba, na mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto tumboni unaathirika. Chakula cha maeneo ya milimani na ya bara mbali na bahari mara nyingi hakina ya kutosha. Watu hudhani chumvi ya bahari isiyosafishwa itakuwa nayo kwa kuwa dagaa na mwani wanayo. Sivyo, kiasi kinachobaki kwenye chumvi yenyewe ni kidogo mno. Kwa hiyo aliyetupa pakiti yake ya kawaida akahamia ya pinki kwa kila kitu, eti kwa afya, amejiondolea kinga bila kujua. Chungu kibaki na chumvi ya kawaida yenye madini joto, hasa nyumba yenye mjamzito au watoto. Hiyo nyingine ni ya mezani.

Uitie wapi basi

Kanuni ni fupi: chakula kiwe na sauti ndogo, kiwe cha vuguvugu au cha moto wa mezani, na chumvi iwe ya mwisho kabisa. Harufu hizi hupaa. Kwenye kikaango cha moto zinapaa jikoni na kumnufaisha mpishi na majirani. Juu ya chakula kilichokwisha kupakuliwa zinapaa zikiwa karibu na pua ya mlaji. Ndiyo maana ile pilau ya zawadi ya shangazi haikuwa na nafasi: moto mrefu, halafu viungo sita vinavyopiga kelele.

Yai ndilo rafiki wa kwanza wa chumvi ya trafeli. Si kwa bahati. Yai lenyewe lina harufu ya salfa kwa mbali, na ya trafeli ni jamaa yake. Lichemshe lisikauke kiini, limenye, likate kati, tone la mafuta au siagi, kisha chumvi kwa ncha za vidole viwili kutoka juu, si kwa kijiko. Mkono ukiwa juu punje hutawanyika. Ukiwa karibu zinarundikana mahali pamoja na tonge hilo moja linakuwa la adhabu. Viazi vya kuponda na siagi hupokea vizuri pia, na wali mweupe uliobaki, uliopashwa kwa siagi. Chipsi zinakubali zikiwa bado zinatoka mvuke. Bisi zina shida yake: punje kubwa hazing'ang'anii, zinaishia chini ya bakuli. Zitwange kidogo kwenye kinu kwanza, na bisi ziwe na mafuta.

Ya moshi mimi siipeleki kwenye mahindi ya kuchoma wala samaki wa kuchoma. Vyote viwili vimetoka kwenye moshi, vimeshiba. Ipeleke kwenye vile visivyowahi kuuona: mahindi ya kuchemsha na siagi, maharage ya nazi yakishapakuliwa, mayai ya kuvuruga. Watu wataangalia jikoni kama kuna jiko la kuni limewashwa.

Magamba yasiyo na ladha, usiyapuuze kwenye vitu vitamu. Kashata ya nazi, ikiwa bado inanata kwenye sinia na hujaikata, inyunyizie magamba machache na uyabonyeze kidogo kwa kiganja. Utamu wa kashata huwa unachosha baada ya kipande cha pili, hivi hauchoshi.

Na parachichi kwenye mkate, hapo chumvi ya ndimu na pilipili haina mpinzani. Ambayo, kusema kweli, huna sababu ya kuinunua.

Ya kutengeneza mwenyewe

Sisi chumvi yenye ladha hatukuifundishwa na supamaketi. Simama kwa muuza mahindi ya kuchoma yeyote jioni. Kando ya jiko ana kisahani chenye chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga, na nusu ya ndimu. Anachovya ndimu kwenye kisahani, anaikandamiza kwenye gunzi na kuitembeza juu chini huku analizungusha, majimaji yakifyonzwa na punje za mahindi zilizo moto na chumvi ikibaki juu juu. Anafanya yote tuliyoyaeleza: chumvi ya mwisho, juu ya chakula cha moto, na harufu ya ndimu puani. Mihogo ya Coco Beach kule Dar es Salaam na ya Lighthouse kule Mombasa inaliwa kwa mtindo huohuo, na embe mbichi za chumvi na pilipili zinazouzwa nje ya mageti ya shule vilevile.

Kuihamishia kwenye chupa ni kazi ndogo. Osha ndimu au malimau, yafute yakauke kabisa, kisha paruza ganda la juu tu. Ukifika kwenye nyeupe, acha, hapo ni uchungu. Kwa vijiko vinne vya chumvi ya punje nene, kijiko kimoja cha ganda lililoparuzwa kinatosha, na pilipili kavu iliyosagwa kadiri ya ujasiri wa watu wako. Usisage pamoja, fikicha kwa vidole, mafuta ya ganda yaingie kwenye chumvi, mpaka vidole vinukie na chumvi ionekane na unyevu kidogo. Itandaze kwenye sinia, ifunike kwa kitambaa chepesi, ikae ndani mahali pakavu penye hewa mpaka isishikamane. Jua kali linaikausha haraka lakini linaondoka na nusu ya harufu. Watu wa pwani, ambao hewa yetu yenyewe ni mbichi, tutumie oveni ya moto mdogo kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo, na tukae hapohapo.

Ya moshi inahitaji jiko la kuchomea nyama lenye mfuniko. Makaa machache upande mmoja, vipande vya mti wa matunda kama mwembe au mpera juu yake, chumvi kwenye trei upande wa pili, mfuniko, na uvumilivu. Geuza mara kwa mara. Mbao za fanicha zilizopakwa rangi au dawa zikae mbali; moshi wake ni sumu.

Chumvi ya kuanzia tunayo ya kutosha. Bagamoyo, Lindi, Mtwara, Pemba na mwambao wa Gongoni, kaskazini ya Malindi, wanakausha maji ya bahari. Katwe, magharibi ya Uganda, wanaivuna kwenye ziwa la kreta ya volkano, watu wakisimama ndani ya maji hayo makali. Uvinza, mkoani Kigoma, kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamechemshia kwa zaidi ya miaka 1,000. Jua tunalo kuliko Guérande. Ila soko letu huuliza kilo na weupe, haliulizi umbo la punje, kwa hiyo hakuna anayepata sababu ya kuamka kulikokota lile ganda jembamba kabla halijazama. Kikopo cha "chumvi ya Pemba ya magamba, na ndimu" ningekinunua kesho, na nadhani watalii wa Stone Town wangekinunua kabla yangu.

Jambo la mwisho ni kuhifadhi. Harufu haiingii ndani ya fuwele. Inakaa juu yake tu, kwa hiyo inaondoka kila unapofungua. Chupa iwe ya kioo, ndogo, ijae, ifungwe barabara, ikae kabatini mbali na jiko. Chukua kwa kijiko kikavu. Vidole vyenye maji vinaleta mabonge. Chumvi yenyewe haiozi. Ukifungua siku moja ukakuta uyoga umekwisha kupaa, hujala hasara yote: ichemshie mihogo.